Ufungashaji wa programu zinazojisasisha

Ufungashaji wa programu zinazojisasisha ni kazi ya kuandaa programu ya kompyuta yenye uwezo wa kujisasisha yenyewe ili iweze kusakinishwa kama kifurushi cha kawaida ndani ya mfumo wa uendeshaji unaofuata mpangilio maalumu wa saraka. Kazi hii hufanyika hasa katika mifumo ya Linux, ambako mahali pa kila aina ya faili pameelezwa na kiwango kinachojulikana kwa kifupi kama FHS.

Ugumu wa kazi hii unatokana na mgongano wa taratibu mbili. Programu inayojisasisha hutaka kuandika juu ya faili zake yenyewe wakati wowote. Mpangilio wa saraka unataka faili za programu zisibadilike isipokuwa zinaposasishwa na kisimamizi cha vifurushi, yaani programu kama dpkg, APT au RPM inayotunza orodha ya kila kitu kilichosakinishwa. Pande zote mbili zikiachwa zifanye kazi pamoja bila mpango, mfumo unaweza kuharibika, data ikapotea au marekebisho ya usalama yakafutwa bila mtu kujua.

## Mpangilio wa saraka

Katika miaka ya kwanza ya Linux kila usambazaji uliweka faili mahali ulipopenda. Programu iliyoandaliwa kwa usambazaji mmoja mara nyingi haikufanya kazi kwenye mwingine. Mnamo Agosti 1993 wanaprogramu wa kujitolea walianza kuandaa kiwango cha pamoja, na toleo la kwanza lilitolewa tarehe 14 Februari 1994 kwa jina la FSSTND. Baadaye kazi hiyo ilipanuliwa ili ihusu pia mifumo mingine ya jamii ya Unix, na jina likabadilishwa kuwa FHS. Toleo la 2.0 lilitoka mwaka 1997, la 2.3 mwaka 2004, na la 3.0 mnamo Juni 2015 chini ya Linux Foundation.

FHS inagawa faili kwa kuuliza maswali mawili:

* Je, faili hubadilika mfumo unapofanya kazi, au hubaki vilevile hadi msimamizi wa mfumo aingilie kati?
* Je, faili inaweza kutumiwa na kompyuta kadhaa kwa pamoja, au ni ya kompyuta moja tu?

Kutokana na maswali hayo kila saraka hupata kazi yake. Zilizo muhimu kwa mada hii ni hizi:

| Saraka | Kazi yake |
|---|---|
| /usr | Programu, maktaba zake na faili zisizobadilika. Hutakiwa kuweza kufanya kazi hata ikiwa haiandikiki |
| /usr/local | Programu zilizosakinishwa na msimamizi mwenyewe nje ya vifurushi |
| /opt | Programu za nyongeza, kila moja ndani ya saraka yake |
| /etc | Faili za mipangilio ya kompyuta husika |
| /var/lib | Data ambayo programu huitunza na kuibadilisha |
| /var/cache | Data inayoweza kufutwa na kutengenezwa upya |
| /var/log | Kumbukumbu za matukio |
| /run | Taarifa za muda tangu kompyuta ilipowashwa |
| /home | Faili za watumiaji |

Mgawanyo huu una faida za vitendo. Kwa kuwa /usr haibadilikibadiliki, inaweza kuwekwa kwenye sehemu ya diski isiyoandikika, kugawiwa kwa kompyuta nyingi kupitia mtandao, au kurudishwa upya kutoka kwenye vifurushi bila kuhitaji nakala rudufu. Msimamizi anayejua kwamba data yote iko /var, /etc na /home anajua pia ni saraka zipi za kuhifadhi nakala kila usiku.

## Jinsi programu inavyojisasisha

Programu nyingi zinazojisasisha hufuata hatua zinazofanana:

1. Huuliza seva ya watengenezaji kama kuna toleo jipya.
2. Hupakua toleo hilo na kulihifadhi kwa muda.
3. Hukagua saini ya kidijitali ili kuhakikisha kwamba faili imetoka kwa mtengenezaji halisi.
4. Huweka faili mpya mahali pa zile za zamani.
5. Hubadilisha muundo wa data au hifadhidata kama toleo jipya linahitaji hivyo.
6. Hujiwasha upya.

Utaratibu huu ulizoeleka katika mifumo ya Windows na macOS, ambako kwa muda mrefu hapakuwa na kisimamizi kimoja cha vifurushi kwa programu zote. Mtengenezaji alilazimika kupeleka marekebisho mwenyewe, la sivyo watumiaji wangebaki na matoleo yenye kasoro kwa miaka.

Hatua ya nne ndiyo yenye matatizo mengi. Katika Linux haiwezekani kuandika ndani ya faili ya programu ambayo inaendeshwa wakati huohuo. Kiini cha mfumo hukataa. Kwa hiyo kisasishaji huandika faili mpya pembeni, kisha huibadilisha jina ili ichukue nafasi ya ile ya zamani. Badiliko hilo la jina hufanyika kwa mkupuo mmoja, lakini kwa masharti mawili: mtumiaji anayeendesha programu awe na ruhusa ya kuandika katika *saraka* iliyobeba faili hiyo, na faili zote mbili ziwe kwenye mfumo mmoja wa faili. Masharti haya ni rahisi kutimizwa programu ikiwa ndani ya saraka moja ya mtumiaji. Ikiwa /usr, mtumiaji wa kawaida hana ruhusa hiyo. Ikiwa msimbo uko /usr na data iko /var kwenye sehemu nyingine ya diski, sharti la pili halitimii.

## Chanzo cha mgongano

### Orodha ya kisimamizi cha vifurushi

Kisimamizi cha vifurushi huandika kila faili aliyoisakinisha pamoja na alama za kuitambua. Katika Debian, kwa mfano, taarifa hizo ziko katika /var/lib/dpkg. Programu ikijisasisha, orodha haibadiliki. Mfumo utaendelea kusema kwamba toleo lililopo ni la zamani, na amri za ukaguzi kama `dpkg --verify` au `rpm -V` zitaonyesha kwamba faili zimebadilishwa. Msimamizi hawezi tena kutofautisha sasisho halali na faili iliyochezewa na mdukuzi.

### Toleo kurudi nyuma

Hatari kubwa zaidi inahusu data. Tuchukue mfano wa kubuni wa programu ya hesabu za duka inayoitwa *daftari*. Kifurushi kilisakinisha toleo la 2.1. Baada ya mwezi programu ikajisasisha yenyewe kuwa 2.3 na kubadilisha muundo wa hifadhidata yake. Wiki inayofuata usambazaji ukatoa kifurushi cha 2.2. Kwa kisimamizi cha vifurushi hilo ni sasisho kutoka 2.1, hivyo kinaandika faili za 2.2 juu ya zile za 2.3. Sasa msimbo ni wa 2.2 lakini hifadhidata ni ya 2.3. Programu inakataa kufunguka, au, jambo baya zaidi, inafunguka na kuandika data kimakosa. Ikiwa 2.3 ilikuwa na marekebisho ya usalama, nayo yamefutwa.

### Ruhusa na usalama

Ili kisasishaji kifanye kazi ndani ya /usr, lazima ama kiendeshwe kwa mamlaka ya mtumiaji mkuu (root), ama faili za programu ziandikike na mtumiaji wa kawaida. Njia zote mbili ni za hatari. Katika seva ya wavuti, programu inayoweza kubadilisha msimbo wake ni programu ambayo mvamizi akipata upenyo mdogo anaweza kuubadilisha pia, na kuacha mlango wa kurudi baadaye. Faili zikiwa mali ya root na seva ikiendeshwa na mtumiaji mwingine, upenyo huohuo hauwezi kugusa msimbo.

### Mabaki

Kifurushi kinapoondolewa, kisimamizi hufuta faili zinazojulikana kwake tu. Faili zilizoletwa na kisasishaji hubaki, na huweza kuvuruga usakinishaji mpya wa programu hiyohiyo.

## Hatua za ufungashaji

Kabla ya kuchagua njia, mfungashaji hupanga upya faili za programu kulingana na kazi zake. Programu nyingi zinazojisasisha hutolewa kama kumbukizi moja yenye kila kitu ndani ya saraka moja. Kwa programu ya mfano hapo juu, mpangilio ungekuwa hivi:

| Katika kumbukizi asilia | Baada ya kufungashwa |
|---|---|
| daftari/bin/daftari | /usr/bin/daftari |
| daftari/maktaba | /usr/lib/daftari |
| daftari/picha | /usr/share/daftari |
| daftari/mipangilio.conf | /etc/daftari/mipangilio.conf |
| daftari/data | /var/lib/daftari |
| daftari/muda | /var/cache/daftari |
| daftari/matukio | /var/log/daftari |
| daftari/mwongozo | /usr/share/doc/daftari |

Faili za mipangilio hupewa uangalizi wa pekee kwa sababu msimamizi huzibadilisha kwa mkono. dpkg ikikuta faili ya aina hiyo imebadilishwa, humuuliza msimamizi kama anataka kubaki na yake au kupokea mpya. RPM huweza kuacha faili ya msimamizi ilivyo na kuweka mpya pembeni yenye kiambishi `.rpmnew`.

Kazi ya pili ni kuifanya programu ijue mahali papya pa faili. Njia bora ni kutumia mipangilio ambayo watengenezaji wameitoa, kama vile kutaja saraka wakati wa kuunda programu. Isipokuwepo, wafungashaji hurekebisha msimbo au huweka viungo, kwa mfano kiungo kutoka /usr/share/daftari/data kwenda /var/lib/daftari. Viungo vina udhaifu: kisasishaji kinachobadilisha jina la saraka nzima kinaweza kukiondoa kiungo na kuweka saraka halisi mahali pake, na kuanzia hapo data huandikwa mahali pasipotakiwa.

Kwa huduma zinazoendeshwa na systemd, mpaka kati ya msimbo na data unaweza kulindwa na mfumo wenyewe. Agizo la `ProtectSystem=full` huzuia huduma kuandika katika /usr, /boot na /etc, na agizo la `StateDirectory=` huipatia saraka yake ndani ya /var/lib.

## Njia zinazotumika

### Kuzima kisasishaji

Hii ndiyo njia ya kawaida katika hazina rasmi za usambazaji. Kisasishaji huondolewa wakati wa kuunda programu, au huzimwa kwa mpangilio. Kivinjari cha Firefox huweza kuundwa bila kisasishaji, na pia kina sera iitwayo `DisableAppUpdate` ambayo msimamizi huiandika katika faili ya policies.json. Chombo cha rustup, kinachosimamia matoleo ya lugha ya programu ya Rust, huweza kuundwa kwa namna inayokizuia kujisasisha chenyewe huku kikiendelea kuleta matoleo mapya ya Rust kwa mtumiaji.

Anayezima kisasishaji anachukua wajibu: sasa ni yeye anayepaswa kuleta marekebisho ya usalama kwa wakati. Inafaa pia programu imwambie mtumiaji kwamba masasisho yanatoka kwenye mfumo, badala ya kumwonyesha kitufe kisichofanya kazi.

### Kutumia /opt na hazina ya mtengenezaji

Mtengenezaji anaweza kuacha kisasishaji chake na kutumia kile cha mfumo. Kifurushi cha Google Chrome kwa Debian na Ubuntu husakinishwa katika /opt/google/chrome, na huongeza hazina ya Google kwenye orodha ya hazina za APT. Kuanzia hapo kivinjari husasishwa pamoja na programu nyingine zote. Mozilla ilianza kutoa hazina yake ya vifurushi vya .deb kwa Firefox ya kawaida mnamo Januari 2024.

Njia hii huondoa mgongano wa orodha, lakini huongeza idadi ya watu wanaoaminiwa: kifurushi kinaposakinishwa huendesha skripti zake kwa mamlaka ya root.

### Kugawa kizinduzi na programu

Hapa mfumo husakinisha programu ndogo ya kuzindua tu, nayo programu yenyewe hukaa katika saraka ya mtumiaji, ambako inaruhusiwa kujisasisha. Jukwaa la michezo la Steam hufanya hivyo: kizinduzi hutoka kwenye kifurushi, na programu kamili huwekwa ndani ya ~/.local/share/Steam. Kifurushi cha torbrowser-launcher hupakua Tor Browser, hukagua saini yake, kisha huiweka katika saraka ya mtumiaji.

Njia hii haivunji FHS kwa sababu /usr haiguswi. Hasara zake ni kwamba kila mtumiaji wa kompyuta hubeba nakala yake, na msimamizi hawezi kujua kwa urahisi kila mmoja ana toleo gani.

### Kutenganisha msimbo na data

Wakati mwingine kinachohitaji kusasishwa mara kwa mara si msimbo bali data. ClamAV, programu huria ya kutafuta virusi, ni mfano mzuri. Programu zake ziko /usr na husasishwa na kisimamizi cha vifurushi. Orodha ya alama za virusi, inayobadilika mara kwa mara, iko /var/lib/clamav na huletwa na chombo kiitwacho freshclam kinachoendeshwa na mtumiaji asiye na mamlaka makubwa. Kujisasisha kunabaki, na mpangilio wa saraka unaheshimiwa.

### Vyombo na mifumo isiyobadilika

Mifumo ya Flatpak na Snap huweka kila programu ndani ya eneo lake. Flatpak hutumia /var/lib/flatpak, na Snap hutumia /snap kama mahali pa kuonyesha programu zisizoandikika. Snap hutafuta masasisho mara 4 kwa siku isipokuwa msimamizi akibadilisha ratiba. Usambazaji wa NixOS ulienda mbali zaidi na kuacha sehemu kubwa ya FHS: kila toleo la kila programu lina saraka yake ndani ya /nix/store. Kwa kuwa saraka hizo haziandikiki, kisasishaji cha ndani hakiwezi kufanya kazi kabisa.

## Mifano miwili

### WordPress

WordPress, programu ya kuendesha tovuti, ilianza kujisasisha bila kuulizwa katika toleo la 3.7 la Oktoba 2013. Kwa kawaida hukaa katika saraka moja ya seva, yenye msimbo, mipangilio na picha zilizopakiwa. Kifurushi cha Debian hugawa vitu hivyo: msimbo huenda /usr/share/wordpress, mipangilio /etc/wordpress, na maudhui /var/lib/wordpress.

Kwa kuwa msimbo ni mali ya root, WordPress haiwezi kujisasisha humo. Ikijaribu, huomba taarifa za FTP, jambo linalowachanganya wengi. Msimamizi anaweza kuzima majaribio hayo kwa kuandika `AUTOMATIC_UPDATER_DISABLED` katika faili ya mipangilio, au `DISALLOW_FILE_MODS` ili kuzuia mabadiliko yote ya faili. Lakini kizuizi hicho cha pili huzuia pia kusasisha programu-jalizi, ambazo mara nyingi ndizo zenye kasoro za usalama. Hivyo ni lazima pawe na njia nyingine ya kuzisasisha.

### Python na pip

Lugha ya Python ina kisakinishi chake kiitwacho pip. Kwa miaka mingi watumiaji waliendesha pip kwa mamlaka ya root na kubadilisha maktaba ambazo zana za mfumo zilizitegemea. Pendekezo la PEP 668 liliweka alama ya kuzuia hali hiyo: usambazaji huweka faili iitwayo EXTERNALLY-MANAGED, na pip ikiiona hukataa kusakinisha katika mazingira ya mfumo. Debian 12, iliyotolewa Juni 2023, inatumia utaratibu huu. Mtumiaji anapaswa kutengeneza mazingira yake ya pembeni kwa amri ya `python3 -m venv`, na ndani yake pip hufanya kazi bila kizuizi.

## Umuhimu katika mitandao yenye uwezo mdogo

Uchaguzi wa njia huathiri pia gharama za intaneti. Katika maabara ya shule yenye kompyuta 30, programu inayojisasisha hupakuliwa mara 30. Masasisho yakipitia kisimamizi cha vifurushi, seva moja ya ndani yenye programu kama apt-cacher-ng hupakua kifurushi mara moja, hukihifadhi katika /var/cache/apt-cacher-ng na kukigawa kwa kompyuta zote. Msimamizi anaweza pia kuchagua saa ya kusasisha, kwa mfano usiku.

## Mjadala

Watengenezaji wengi hupendelea kujisasisha kwa sababu watumiaji wote hubaki na toleo moja na kasoro hurekebishwa haraka. Huona pia kwamba wao hupokea malalamiko kuhusu matoleo ya zamani yaliyofungashwa na watu wengine.

Wafungashaji hujibu kwamba usambazaji hukagua mabadiliko, huhakikisha programu zinapatana na huwapa wasimamizi mahali pamoja pa kusasisha kila kitu. Debian, kwa mfano, katika toleo lake imara kwa kawaida huongeza marekebisho ya usalama tu bila kubadilisha toleo la programu. Hata hivyo kuna programu ambazo utaratibu huo hauwezekani. Vivinjari vya Chromium na Firefox ESR hupandishwa matoleo ndani ya Debian imara kwa sababu kurudisha kila rekebisho kwenye msimbo wa zamani ni kazi isiyowezekana kwa watu wachache.

Kwa sababu hiyo hakuna njia moja inayofaa programu zote. Kanuni inayokubaliwa na pande nyingi ni kwamba kila faili iwe na mwenye kuisasisha mmoja tu: ama kisimamizi cha vifurushi, ama programu yenyewe.

## Tazama pia

* Linux
* Debian
* Mfumo wa uendeshaji
* Programu huria
* Usalama wa kompyuta